Nozeli za Gari la Mwalimu

Gereji ya mwanangu iko nyuma ya nyumba, imeegemea ukuta wa jiko langu. Mimi nikikaanga vitunguu, wao wanapiga chafya. Wao wakifungua tangi la petroli, mimi nafunga dirisha. Tumezoeana. Cherehani yangu iko kibarazani, penye mwanga, mkabala na mlango wa gereji, na kazi yangu kubwa siku hizi ni kutia viraka ovaroli zao. Magoti ndiyo hutangulia kutoboka, kisha kiwiko cha mkono wa kulia. Ovaroli humsema mwenyewe: huyu hulala chini ya gari, huyu husimama pembeni akielekeza.

Ovaroli ya mwanangu ilikuwa imeacha kutoboka. Mgongo ulimgomea, na daktari akamwambia achague kati ya kuinamia injini na kutembea wima. Akachagua kutembea, shingo upande. Likabaki swali la nani atashika injini, maana matairi na oili hufanywa na mtu yeyote mwenye mikono, lakini injini ndizo zilizoipa gereji jina.

Aliyeitamani kazi hiyo alikuwa mpwa wake, mtoto wa binti yangu. Hapa kila mtu anamwita Nati. Mjomba wake ndiye aliyempa jina hilo tangu akiwa mdogo, kwa sababu alikuwa wa mviringo, na akikuponyoka alibingirika chini ya gari usimwone tena mpaka jioni. Sasa ni mwanamke mzima, amesomea ufundi, ananipita kwa kichwa na nusu, lakini mimi humwita mke mwenza, naye huniambia nimwachie babu yake apumzike kaburini, aliteseka vya kutosha.

Tukinywa chai asubuhi moja, mwanangu alilitoa neno lake wazi. Kuna gari la Mwalimu limeingia, linataka kufungwa tabo. Nati alishike peke yake, mwanzo hadi mwisho. Jumamosi ya mashindano ya magari mlimani likipanda vizuri, injini zote za gereji ni zake. Likikohoa, atamwita rafiki yake wa zamani aje azishike, na Nati atabaki kwenye matairi na oili. Nati aliitikia "Sawa, Mjomba," akamalizia chai yake ikiwa bado ya moto, na mimi nikajua ameungua ulimi lakini hatasema.

Mwalimu mwenyewe ni mwalimu wa udereva. Wiki nzima anakaa kando ya watu wanaofunga breki wakiona kivuli, anawaambia polepole, polepole, taratibu mwanangu. Kwa hiyo mara moja kwa mwezi, barabara ya mlimani inapofungwa kwa ajili ya wapenda magari, hupeleka kigari chake kidogo cha zamani na kukikimbiza kama mtu aliyeiba. Aliniambia kwamba bila ule mlima angekuwa ameshamng'ata mwanafunzi. Nati alipomuuliza anataka nguvu kiasi gani, alijibu bila kupepesa macho: farasi mia tatu.

Mimi sikujua nozeli ni nini mpaka Nati aliponieleza, amekaa kwenye ngazi ya kibaraza nikimshonea mfuko wa ovaroli. Alisema injini ni kama jiko: moto unataka hewa na mafuta vikutane kwa kiasi. Tabo kazi yake ni kusukumia hewa nyingi ndani. Hewa ikizidi, mafuta nayo lazima yaongezeke, na mlango wa mafuta ni nozeli, vibomba vinne vya ukubwa wa kidole, kila kimoja kikipulizia upande wake. Nozeli ikiwa ndogo kuliko kazi yake, injini inashikwa na njaa, inachemka, na pistoni inatoboka kama ndala. Ikiwa kubwa mno, injini inazama kwenye mafuta kama sambusa.

"Sasa kipimo unakijuaje?" nikamuuliza.

Akasema unaanza na nguvu inayotakiwa, unatafuta itakula mafuta kiasi gani, unagawa kwa nne, halafu unaongeza kidogo ili nozeli ipate kupumua. Nozeli ikiachwa wazi muda wote bila kufunga, inapata moto na kuanza kukwama. Nikamwambia basi nozeli ina bahati kuliko mama wa watoto wadogo.

Hesabu yake ilimpa nozeli za mia sita. Yaani kila moja imimine mililita mia sita za mafuta kwa dakika ikiwa wazi. Alimpa mjomba wake kipimo hicho, kwa kuwa mjomba ndiye mwenye kujuana na muuza spea wa kona. Nozeli zikaja zimefungwa kwenye kitambaa safi, zimetumika lakini zimeoshwa mpaka maandishi yake yakafutika, na ndani ya kitambaa muuza spea alikuwa ametia mipira ya ziada ya kuzibia mafuta, bila kuombwa. Ndivyo alivyo. Ukinunua taa atakupa na waya. Nati akazifunga, akaiambia kompyuta ya gari kwamba nozeli ni za mia sita, akawasha.

Gari liliwaka. Tena liliwaka kwa mbwembwe. Halafu likaanza kutetemeka kama mbuzi aliyenyeshewa, moshi mweusi ukatoka nyuma, na harufu ya petroli ikaingia jikoni ikakaa kwenye mkate. Nati alizima, akafungua plagi. Zote nne zilikuwa nyeusi kama sufuria ya shereheni.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu kuangalia. Nati alirudia hesabu yake kwenye meza ya jiko, akairudia tena kwenye mfuko wa unga, na kila mara jibu lilikuwa mia sita. Alibadilisha plagi. Alikagua pampu ya mafuta. Alisafisha kila waya uliokuwa na kichwa. Gari likaendelea kukohoa. Jumamosi ilikuwa inakuja kama mgeni asiyepiga hodi, na mjomba wake alikuwa anapita nyuma yake mikono imefungwa mgongoni, hasemi kitu. Najua kwa nini hakusema. Hakutaka kumvunja moyo. Lakini ukimya wa mtu unayemheshimu ni mzito kuliko gongo, na nilimwona Nati akipungua mabega kila alipopita.

Hata hivyo nilimwona mwanangu pia. Saa ya jua kali alilivuta feni lake la ofisini, mgongo wake ule ule uliokatazwa, akaliweka karibu na gari la Mwalimu, akaondoka kabla Nati hajainua kichwa. Nati akafikiri nimelileta mimi. Nikanyamaza, kwa sababu asante ile haikuwa yangu kuipokea wala kuikabidhi.

Alhamisi Nati alikuja kibarazani, akakaa chini, akaegemeza kichwa kwenye mguu wa cherehani.

"Bibi, nadhani mimi si fundi wa injini," alisema. "Hesabu ninayo, na bado gari linazama. Nimeshindwa hata kujua nimekosea wapi."

Nilimpa kipande cha mkate, kile kisichonuka petroli, nikaendelea kukanyaga cherehani ili asione ninamtazama. Akatafuna. Katikati ya kutafuna akasimama, akauliza kama chupa za kunyonyeshea za mtoto wa dada yake bado zipo. Mtoto yule alikwisha kuota meno na kuhamia kikombe, na chupa zake nilizihifadhi kabatini kwa sababu mimi si mtu wa kutupa chupa nzima. Alizitaka kwa ile mistari ya vipimo ubavuni. Nilimpa zote nne, nikamwambia nimeziaga. Jikoni kwangu hazirudi.

Alizitoa nozeli kwenye injini, akazipanga juu ya benchi uani, mbali na jiko na mbali na kila chenye moto, kila moja ikitazama ndani ya chupa yake. Akaziunganisha na pampu na betri. Mjomba wake akatoka ofisini, akasimama kando. Nati alieleza kwamba nozeli ya mia sita, ikifunguliwa robo dakika, ijaze chupa hadi mstari wa mia na hamsini. Akanipa mimi saa niitazame, nikajiona mtu mkubwa.

Nikasema basi, akafunga. Tukainama wote watatu, hata aliyekatazwa kuinama.

Mafuta yalikuwa yamepita mia na hamsini. Yalikuwa yamepita mia mbili. Chupa zote nne, sawa sawa, kama pacha. Nati alizitazama muda mrefu, midomo ikigawa na kuzidisha, kisha akasema taratibu kwamba hizi si nozeli za mia sita. Hizi ni za mia nane na hamsini. Kompyuta ilikuwa inafungua mlango kwa kipimo cha nyumba, kumbe mlango ni wa ghala.

Mwanangu alikohoa. Nilimzaa mimi, kikohozi chake nakijua. Nikamtazama tu.

Akasema, macho kwenye chupa, kwamba alipopiga simu hakuagiza mia sita. Aliagiza mia saba na hamsini. Aliwahi kuona injini ya mtu imetoboka pistoni kwa njaa ya mafuta, na hakutaka jambo hilo limkute mpwa wake kwenye kazi ya kwanza. Alifikiri ikizidi kidogo haina neno. Alifikiri atamwambia baadaye.

"Mia saba na hamsini," Nati akasema. "Na hiyo mia nyingine?"

Mwanangu akampigia muuza spea, akaweka simu juu ya benchi tusikie wote. Muuza spea alikuwa na furaha kutusikia. Ndiyo, mia saba na hamsini alikuwa nazo, lakini zilikuwa zimechoka kidogo, na yeye hawezi kumpa yule binti kitu kilichochoka kwenye kazi yake ya kwanza. Akampa za mia nane na hamsini, nzima kabisa, kwa bei ile ile. Akauliza kama ile mipira ya ziada ilitosha.

Nati alimshukuru. Nilimsikia akimshukuru kweli, si kwa meno ya mbele. Simu ilipokatika akakaa juu ya tairi na kuanza kucheka, na mimi nikacheka, na mwanangu akashika kiuno kwa mkono mmoja akacheka kwa tahadhari. Wahenga walisema wema hauozi. Hawakusema kama haufuriki.

Cheko lilipokwisha, Nati alibaki anamtazama mjomba wake.

"Mjomba, ukiniongezea kimya kimya, siku nikikosea sitajua kama ni mimi. Na siku nikipatia pia sitajua kama ni mimi."

Mwanangu aliokota chupa moja, akaigeuza geuza, akaiweka. Mwisho akasema amesikia. Akasema tena, kwa sauti ya chini, "Nimesikia, mama." Humwita mama pale tu anapomaanisha.

Aliuliza kama haitoshi kuiambia kompyuta ukweli, kwamba nozeli ni za mia nane na hamsini. Nati akasema kasi ikiwa kubwa itatosha, lakini gari likisimama kwenye foleni halihitaji mafuta ila tone, na nozeli kubwa haijui kutoa tone. Ni kama kujaza kikombe kwa bomba la zimamoto. Linahitaji nozeli za kipimo chake. Akasema ataagiza mwenyewe, mia sita, na mjomba asiguse simu.

Hapo ndipo nami nilipotia mdomo, kwa sababu nilikuwa nimeshakunywa chai mara nyingi na Mwalimu na nilimjua kidogo. Sikusema mengi. Nilisema tu kwamba yule mama akija sokoni na mimi, kitu anachotaka kwa kumi hukitaja kwa tano, na kilo mbili anazotaka huomba tatu. Nati akasimama na bisibisi mkononi.

Akampigia. Mwalimu alikuwa katikati ya somo. Tulimsikia akimwambia mtu awashe indiketa, siyo wipa. Nati alimuuliza upya, kwa adabu, hizo farasi mia tatu ni za kufanyia nini. Mwalimu akashusha sauti. Alisema ukweli ni kwamba hazihitaji. Anachotaka ni kupanda ile kona kali ya mwisho bila kurudisha gia na kuzimiwa mbele za watu kama mwezi uliopita, na Jumatatu aendeshe gari hilo hilo kwenda kazini. Alisema mia tatu kwa sababu mafundi aliowazoea ukiwaomba mia tatu wanakupa mia mbili, ndipo mnapokutana. Mia mbili na ishirini angeridhika nazo sana.

"Mimi nikiombwa mia tatu hufunga za mia tatu, Mwalimu."

"Ndiyo maana nimeanza kukuogopa," Mwalimu akasema, kisha akamfokea mtu afunge breki.

Hesabu mpya ilikuwa fupi. Nguvu ya kweli, igawanywe kwa nne, kisha nyongeza moja tu, ile ya kupumua, basi. Ilitoka mia nne na hamsini. Karibu nusu ya zile zilizokuwa zinazamisha gari. Nilimwona mwanangu akilisoma lile jibu. Uso ulimgeuka. Nozeli ndogo ndiyo hofu yake ya miaka yote, na hizi zilikuwa ndogo kuliko hata alizozikataa. Akaingia ofisini, nikasikia akifungua droo na kuifunga bila kutoa kitu.

Nati alikwenda kona mwenyewe. Alimwomba muuza spea nozeli za mia nne na hamsini, akazipima palepale mbele yake, na muuza spea akataka kumwongezea ya tano ya akiba. Aliikubali hiyo, akaja nayo mfukoni. Alisema ya tano haiingii kwenye injini, kwa hiyo ni ya upendo tu.

Ijumaa gari liliwaka likatulia. Lilinguruma kama paka aliyeshiba. Lakini kutulia uani si kupanda mlima, na Jumamosi tulikwenda wote, mimi nikiwa mbele kwenye pikapu kwa sababu ya magoti.

Mwalimu alivaa kofia ngumu na miwani yake ya kusahihishia mitihani. Nati aliketi kando yake na kompyuta ndogo mapajani, anafuatilia kama hewa na mafuta vinakwenda pamoja. Mimi na mwanangu tulibaki chini ya mlima, pale gari linapoonekana mwanzo wa safari kisha linapotea nyuma ya mawe, unabaki na sauti.

Bendera ikashuka. Kigari kile kiliondoka kama kimetukanwa. Tukakiona kona ya kwanza, kona ya pili, kisha tukabaki tunasikiliza. Mwanangu alifumba macho. Alikuwa anasikiliza njaa. Aliniambia injini yenye njaa hutoa mlio mwembamba kama kijiko kwenye sinia, na huo mlio ukishausikia umechelewa. Nilimshika mkono. Sauti ilipanda, ikapanda, ikafika kwenye ile kona kali, na hapo ikanyamaza.

Tulisimama. Kisha upepo ukageuka, sauti ikarudi, juu zaidi ya pale ilipokatikia, nene, imejaa, inaendelea kupanda. Ulikuwa ni mlima tu umeikinga. Mwanangu alivuta pumzi mpaka mgongo ukamuuma.

Waliposhuka, Mwalimu alitoka anaongea peke yake kwa furaha. Hakurudisha gia, hakuzimiwa, na amempita kwa muda mwenye duka la vioo ambaye humcheka kila mwezi. Nati alifungua boneti, akangoja ipoe kidogo, akatoa plagi, akaziweka kwenye kiganja cha mjomba wake. Plagi ndiyo ulimi wa injini. Ukitaka kujua kilicholiwa, unautazama.

Tatu zilikuwa na rangi ya biskuti, ndiyo rangi inayotakiwa. Ya nne ilikuwa imekoza kidogo. Mwanangu aliishika hiyo ya nne karibu na jua, akaigeuza. Nilimwona akitaka kusema. Akairudisha mkononi mwa Nati.

Nati akaitazama. "Hii inapata ziada kidogo. Nitaipunguzia."

"Wewe ndiye unayejua," mjomba wake akasema.

Tulikuwa tunafunga vifaa kwenye pikapu alipokuja kijana mmoja mwenye fulana ya gharama, gari lake jekundu limeegeshwa kwa mbwembwe. Alimwendea mwanangu moja kwa moja, akamwamkia vizuri, akasema amesikia gari la Mwalimu likipanda na yeye pia anataka kufunga tabo, basi angeshauriwa anunue nozeli za kipimo gani. Mwanangu alikuwa ameegemea mlango wa pikapu, anajinyoosha kama alivyoagizwa na daktari.

"Muulize fundi," akasema, akamwonyesha Nati kwa kidevu. "Mimi kazi yangu siku hizi ni mgongo."

Kijana akageuka. Nati alikuwa anajipangusa mikono, kidole kimoja kimoja, bila haraka yoyote. Akamuuliza anataka nguvu kiasi gani. Kijana akasema farasi mia nne na hamsini.

"Sawa," Nati akasema. "Sasa keti hapa kwenye tairi, uniambie unataka kwenda wapi nalo."